Tani Tatu za Mashua Moja

Kwenye gati za Goma mimi, mchora vyombo, huulizwa swali moja karibu kila wiki: "Fundi, bato hii ni ya tani ngapi?" Husita kujibu, kwa sababu katika usanifu wa vyombo neno tani lina maana tatu, na mwenye chombo akishika moja mahali pa nyingine anaweza kupakia hadi maji yafike ukingoni.

Ya kwanza ni uzito wa chombo kizima kinavyoelea, ambao ni sawa na uzito wa maji kinayoyasukuma. Ya pili ni uzito wa vyote vinavyoongezwa juu ya chombo kitupu: shehena, mafuta, abiria na mabaharia, hii ndiyo anayoitafuta mfanyabiashara. Ya tatu hata si uzito. Vyeti vyetu, vinavyoandikwa kwa Kifaransa, huiita "jauge", nayo hupima ujazo wa nafasi zilizofungwa, kuanzia ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, hadi vyumba vya juu ya sitaha. Kwa kanuni ya mkataba wa kimataifa wa 1969, chombo chenye mita za ujazo 1,000 hupewa jauge ya 260. Asili ya neno tani ni mapipa ya mvinyo yaliyohesabiwa ili kutoza ushuru, na laiti neno lingebaki hukohuko.

Chukua tishari, chombo bapa cha mizigo, lenye umbo la sanduku, urefu mita 20 na upana mita 5. Likididimia sentimita 1, limesukuma mita moja ya ujazo ya maji ya Ziwa Kivu, yaani takriban tani moja: mifuko 20 ya saruji ya kilo 50. Baharini, kwa ajili ya chumvi, sentimita hiyohiyo ingebeba kama kilo 25 zaidi.

Mashua ya mbao si sanduku. Mataruma yake, yaani mbavu zake, hupanuka kutoka kwenye mkuku, uti wa chini wa chombo, kwenda juu, hivyo sentimita ya chini hubeba kidogo kuliko ya juu. Ndiyo maana mimi huchora vipimo kwa rangi nyeupe omoni na tezini, yaani mbele na nyuma, kabla chombo hakijashushwa majini. Mteja mmoja aliniomba niupandishe mstari wa mwisho, ule ambao maji hayapaswi kuupita, kwa sentimita 10, kwa kuwa siku ya soko mzigo huwa mwingi. Nilimpigia hesabu: zingekuwa tani nne zaidi, na ubavu uliobaki juu ya maji ungepungua kutoka sentimita 35 hadi 25, kwenye ziwa ambalo upepo wa alasiri hauombi ruhusa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama rangi yangu hufutika kwa maji.