Matanga Yameisha, Huzuni Imebaki: Kitabu na Kivuli cha Mti Wakati wa Kiangazi

Swali: Nimefiwa miezi 2 iliyopita. Nasoma ukurasa mmoja mara tatu na sishiki neno. Akili imeharibika?

Jibu: Hapana, pole sana. Huzuni hula usingizi, na asiyelala hana makini wala kumbukumbu. Usianze na kitabu kipya kinene. Rudia ulichowahi kukipenda, maana njia yake unaijua. Shairi, zaburi au sura fupi ya Kurani pia zafaa. Soma dakika 10 tu, kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Sauti huizuia akili isitangetange. Machozi yakija, lia, kisha endelea au funga kitabu. Wengi hukosea kwa kusomea kwenye simu usiku: mwanga wake huchelewesha usingizi, na salamu za rambirambi hukurudisha msibani saa 6 za usiku.

Swali: Na kutoka nje kwenye jua hili la Januari kuna faida gani?

Jibu: Mwanga wa asubuhi huirekebisha saa ya mwili, hivyo usingizi huja kwa wakati wake. Toka kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, au baada ya saa 10 jioni, utembee dakika 20 hadi 30. Si lazima ufike msitu wa Mabira au bustani ya mimea ya Entebbe, Uganda. Mwembe wa jirani watosha. Keti chini yake, usikilize ndege mmoja mpaka anyamaze. Beba maji: mfiwa husahau kunywa, na kizunguzungu anachokidhania huzuni huenda ni kiu.

Swali: Ziwani je?

Jibu: Kaa ufukweni, usitie miguu majini. Ziwa Viktoria lina kichocho. Vimelea hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi, hata isiyo na kidonda. Rudi kabla ya giza, mbu wa malaria hawajaanza kuuma.

Swali: Lini nimwone mhudumu wa afya?

Jibu: Ukiwaza kujiua, nenda leo hii, na usikae peke yako. Nenda pia ukishindwa kula au kulala kwa wiki 2, au ukinywa waragi au pombe nyingine kali kila siku ili usahau. Huzuni kali isiyolegea baada ya miezi 6, hata kazi hazifanyiki, ina tiba. Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Wakiona haja watakupa rufaa hadi hospitali ya mkoa au Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili jijini Kampala. Nenda na ndugu, maana mfiwa husahau nusu ya anayoambiwa.