Trela ilianzia mkiani

Nimeambiwa tena na mteja kwamba trela ni utangulizi wa filamu, "ndiyo maana inatangulia", kwa hiyo nimpangie hadithi yote tangu mwanzo: kijana anatoka kijijini, anapenda, anafukuzwa, anarudi tajiri. Jamani! Nahariri vionjo, yaani trela, kila siku, na dai hili linanichosha kwa sababu jina lenyewe linalikanusha.

Trela ni ileile ya nyuma ya lori: kitu kinachofuata, kinachokokotwa. Kwenye sinema jina lilishika kwa sababu kionjo kilikuja baada ya filamu. Kilikuwa kipande kilichoungwa mwishoni mwa mkanda, watu wakikiona kabla hawajanyanyuka vitini.

Nani alianza? Hapa ndipo makala za mtandaoni zinaponikera. Zinanakiliana kwamba ilikuwa 1912, Rye Beach, New York: shuka jeupe limetundikwa, sehemu ya mfululizo wa filamu The Adventures of Kathlyn inaisha Kathlyn akitupwa kwenye tundu la simba, kisha maandishi yanauliza kama atanusurika na kuwaita watu warudi wiki ijayo. Habari hiyo ilitoka kwa Lou Harris wa kampuni ya filamu ya Paramount, aliyeisimulia miongo mingi baadaye. Lakini mfululizo huo wa kampuni ya Selig ulianza kuonyeshwa mwishoni mwa Desemba 1913! Ama mwaka umekosewa, ama filamu ilikuwa nyingine. Anayenakili bila kuangalia tarehe anatupotosha sote.

Wengine humtaja Nils Granlund, msimamizi wa matangazo wa majumba ya sinema ya Marcus Loew. Kweli, mwaka 1913 alitengeneza kipande cha kuitangaza The Pleasure Seekers. Ila hiyo ilikuwa tamthilia ya muziki ya jukwaani, Broadway. Kwa hiyo alitumia filamu kutangaza kitu ambacho si filamu. Mimi nina shaka kama ipo trela moja ya kustahili kuitwa ya kwanza. Mifululizo ilimwacha mtazamaji roho juu kila wiki, na kipande cha kumwalika arudi kingeweza kuzuka popote.

Vionjo vilihamia mwanzoni baadaye. Filamu ikiisha watu wanatafuta mlango, nani akae kutazama tangazo? Tangu 1919 kampuni ya National Screen Service ikaifanya kazi ya kutengeneza vionjo biashara kamili, na jina la mkiani likabaki.

Ninachotaka watengenezaji wetu wakitazame vizuri ni kile kipande cha simba, kama kinavyosimuliwa. Hakikusimulia Kathlyn ni nani wala alifikaje pale, maana watu walikuwa wamekwisha kuona. Kiliuliza swali moja, kikakatika. Ukinionyesha mzee akiufungua mkoba, mimi nakata pale kidole kinapogusa zipu. Wewe unaniomba niongeze sekunde nne ili kilichomo kionekane, na hizo sekunde nne ndizo mtu angelipia tiketi.

Ukinitumia filamu, usiniandikie muhtasari. Nitajie dakika ambayo mtazamaji anaanza kujiuliza, na dakika anayopata jibu, ili hiyo ya pili nisiiguse kabisa.