Mkunga hupanda ukuta, perege hawezi

Mvua za kwanza zikishashika, nenda usiku na tochi kwenye banio la zamani, ule ukuta mdogo wa kuzuia maji ya mto, katika bonde la Lukuledi kusini mwa Tanzania, umulike pale unapovuja. Mwaka juzi nilikaa hapo hadi karibu saa sita usiku na mzee mmoja mtega migono, ile mitego ya samaki, nikidhani ananitania. Kwenye zege lenye utando wa kijani niliona vitu kama kamba za viatu, urefu wa kidole, vikijivuta kwenda juu. Vingine vinateleza, vinaanguka, vinaanza upya.

"Watoto wa mkunga hao, mwanangu. Wanakwenda kwao."

Mkunga ni yule samaki mrefu kama nyoka. Nikambishia: kwao si ndiko wanakotoka? Tukabishana mpaka tochi ikafifia. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikusanya mambo tunayoambiana kuhusu samaki na mabanio, na mengi hayasimami.

"Samaki wa mto ni wa mto, wa bahari ni wa bahari."

Mkunga wa mtoni huzaliwa baharini. Wataalamu wanaamini jamii za huku kwetu hutaga kwenye kina kirefu mashariki mwa Madagaska. Mabuu yake yana umbo la jani na yanaonyesha kama kioo. Mkondo wa bahari huyaleta pwani, yanageuka mikunga midogo, kisha inaingia mtoni na kupanda. Hukulia kwenye maji baridi miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 10, halafu hurudi baharini kutaga mara moja na kufa. Wapo pia kamba wa mtoni ambao mabuu yao hayakui bila maji ya chumvichumvi, kwa hiyo watoto wao nao lazima wapande. Ukuta mmoja karibu na mlango wa mto unazikata safari zote hizo.

"Mkunga anapanda ukuta, kambale anatembea. Banio linamzuia nani?"

Mkunga hupanda akiwa mdogo tu, tena kwenye ukuta uliolowa na wenye mikwaruzo. Zege likikauka, au likiwa na mdomo uliotokeza juu, safari imeishia hapo. Kambale kweli anavuta hewa na huvuka majani yenye umande, lakini majani si ukuta wa mita moja na nusu. Perege hawezi hata hicho cha kambale.

"Tatizo ni mabwawa makubwa."

Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Likitajwa bwawa, kila mtu anawaza Bwawa la Nyerere kule Rufiji na megawati zake 2,115, anajisemea huku kwetu hatuna neno. Sasa shuka kwenye barabara yoyote ya vumbi inayokatiza kijito, uchungulie kalavati upande wa chini. Mwaka lilipowekwa, maji yalitoka sawasawa na kitanda cha kijito. Masika yakapita mawili matatu, maji yakachimba shimo, na leo bomba linaning'inia kama bomba la sinki. Samaki wa kiganja anayetaka kupanda kutaga kwenye majani yaliyofurika aruke vipi? Na hata akiruka, humo ndani ni zege laini, maji yanakimbia, hakuna jiwe la kujificha apumzike.

Dawa yake haina ufundi wa ajabu. Kalavati liwe pana kuliko kijito, sakafu yake izikwe chini ya kitanda cha kijito, mchanga na mawe vitande humo ndani. Kwa lililokwisha kuning'inia, panga mawe makubwa upande wa chini, ngazi kwa ngazi, mpaka maji yapande yafikie mdomo wa bomba. Kuna bajeti ndogo za barabara zinazoweza kubeba hilo, ila mchora ramani ya barabara awe amekumbushwa kwamba mle ndani hupita zaidi ya maji.

"Tujenge ngazi ya samaki, basi."

Ngazi za vidimbwi vya zege zilibuniwa zaidi kwa samoni, samaki mwenye mbio na miruko. Zilipopelekwa Brazili, baadhi zilipandisha samaki hadi kwenye maji yaliyotuama yasiyo na mahali pa kulelea watoto, wala hawakurudi chini. Tena si kila kizuizi ni cha kufunguliwa. Ziwa la bwawa la Itaipu, mpakani mwa Brazili na Paragwai, lilipojaa mwaka 1982 na kuyafunika maporomoko ya Sete Quedas, samaki wa sehemu ya chini ya mto ambao maporomoko yaliwazuia tangu zamani walipenya juu, wakawakuta samaki wenyeji wasiowazoea.

Kwa mabanio yetu madogo, mimi ningechagua mfereji wa mawe wenye mteremko wa polepole pembeni mwa ukuta. Huo atapita kambale, atapita perege, na mkunga mkubwa anayeshuka.

"Samaki wakipungua, tumwage vifaranga."

Vya nani? Katika maziwa ya Rutamba, Nambawala na Mitupa, mkoani Lindi, wamegunduliwa perege wa asili wa jamii ya Korogwe ambao wametofautiana na ndugu zao wa Tanga. Utafiti uliotoka mwaka 2020 ulionyesha wanazaana na sato aliyeletwa kutoka nje. Perege hao wakishachanganyika, hakuna kituo cha vifaranga kitakachokuuzia wengine.

"Maji yakifika baharini yamepotea."

Waulize wavuvi wa kambamiti. Mikoko nayo inangoja tope na maji baridi ya mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 yenyewe inatambua kwamba mto una fungu lake la maji, mbali na la watu.

"Bwawa likishajengwa halitoki."

Hutoka. Kwenye mto Klamath huko Marekani mabwawa manne yaliondolewa, kazi ikaisha 2024, na Oktoba ya mwaka huohuo samoni walionekana upande wa juu wa mahali palipokuwa na kuta zilizowazuia tangu 1912.

Kabla hatujaondoka usiku ule, mzee alichukua gunia la katani, akalichovya majini, akalitundika pale ukuta ulipokauka na kulibana na jiwe. Nikamuuliza, mzee wangu, unawasaidia hawa na wewe ndiye unayewatega?

"Wasipopanda," akasema, "nitatega nini?"