Je, wajua? Kwa nini saa nyeusi ya mamilioni inabanduka wakati koti lake ni gumu kuliko chuma

Siku hizi nakaa sana pale Makoroboi, hapa Mwanza, kwa mzee mmoja fundi saa, na juzi kuna kitu kimeniuma mpaka nikaona niandike. Alikuja kaka mmoja na saa nyeusi ya Uswisi, zawadi aliyotumiwa na dada yake anayeishi nje, hela yake unanunua bodaboda mpya na chenji inabaki. Sasa kwenye kona za kesi, yaani bodi ya chuma ya saa, pale mkanda unaposhikia kumeanza kutokeza weupe wa chuma, na ubavuni kuna kidoa kimebanduka kama ganda. Kazini wameshamhukumu, feki hiyo, dada yako kapigwa. Akamwamkia mzee, akauliza kwa sauti ya chini, "Naomba uniambie ukweli tu, hii ni og au siyo?" Mzee akaifungua, akaikazia lenzi muda mrefu, akamwambia, "Ng'wanawane (mwanangu), saa ni yenyewe na mashine ni nzima. Koti ndo limekufa."

Inakuwaje sasa? Watu wengi wanadhani ule weusi, ndo koti lenyewe, ni rangi ya kupulizia kama ya geti, siyo kabisa. Kesi ya chuma inaingizwa kwenye chumba ambacho hewa imenyonywa karibu yote, humo ndani madini kama titani yanageuzwa mvuke kwa nguvu ya umeme, wanaingiza gesi kidogo, mfano nitrojeni, halafu ule mvuke unaganda juu ya chuma chembe kwa chembe. Hiyo ndo PVD. Titani ikiungana na nitrojeni inatoa rangi ya dhahabu, kwa hiyo kuna saa zinang'aa dhahabu na ndani yake dhahabu hakuna hata chembe. Ukikuta imeandikwa DLC, hilo ni koti la kaboni lenye ugumu unaoelekea kwenye almasi.

Tatizo linaanzia kwenye unene na kilichoko chini. Koti hilo kwa kawaida lina maikroni 1 mpaka 5 hivi (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), unywele wa kichwani kwako una kama 70. Ugumu sasa: kwa kipimo cha Vickers chuma cha pua cha saa, kile cha 316L, kiko kwenye 200 hivi, koti lenyewe linafika 2000 na kupanda. Yaani kitu kigumu mara kumi kimelazwa juu ya kitu laini, tena chembamba kupita kiasi.

Umewahi kukanyaga lile tope la mwaloni, pale ukingoni mwa ziwa, jua likishalipiga? Juu limekauka kabisa, ukipitisha kidole halikwaruziki, lakini weka mguu wote uone, gamba linapasuka vipande vipande kwa sababu chini bado laini, limekosa cha kuegemea. Ndo hivyo hivyo saa. Ukiigonga, chuma kinabonyea, koti haliwezi kubonyea nacho, linapasuka na kuruka. Wenye fani wanaliita tatizo la ganda la yai, na kwangu mimi hii ndo siri yote, koti halifi kwa sababu ni dhaifu, linakufa kwa sababu halijui kupinda.

Hapa Mwanza hilo ni la kuliangalia sana jamani. Mawe yetu haya, kuanzia Bismarck Rock mpaka yale tunayoyapanda kila siku kwenda nyumbani huko mlimani, ni granaiti, na ndani ya granaiti kuna kwatzi ambayo kwenye skeli ya Mohs ina ugumu wa 7, inakikwaruza chuma cha saa bila shida. Vumbi lake peke yake halitoshi kulichimba koti zuri la DLC. Ila ukiteleza ukajishika kwenye jiwe saa ikagonga, hapo unapiga ganda la yai. Na pa kuanzia ni kwenye kona na kingo kila mara, maana kingo zinapokea pigo lote sehemu ndogo, na ndo zinasuguana na meza, na mkono wa shati, na mlango wa daladala.

Kuna la kiwandani pia ambalo mwenye saa hawezi kuliona. Kabla ya kuingia kwenye kile chumba chuma kinatakiwa kiwe safi kupita maelezo, alama ya kidole tu yenye mafuta inatosha kufanya koti lisishike vizuri, na litatoka dukani linapendeza halafu baadaye linaachia lenyewe bila hata kugongwa. Hiyo ndo kasoro ya kweli ya mtengenezaji, na ukiiona kwenye saa yenye waranti rudisha usione aibu. Haya mambo hayakuanza leo. Mwaka 1972 Porsche Design walitoa saa yao ya kwanza nyeusi tii, Chronograph I, imetengenezwa na kampuni ya saa ya Orfina, na nyingi za zamani zile leo utazikuta kingo zimechubuka chuma kinaonekana.

Saa za kuchovya dhahabu zina kifo kingine. Dhahabu ni laini, haipasuki, inalika taratibu, ndo maana saa za zamani za wazee wetu utakuta nyuma zimeandikwa 20 MICRONS, huo ndo unene wa dhahabu, ikiisha unakutana na shaba ya njano na jasho lenye chumvi linaanza kuila mpaka inatoa ukijani. Maji ya ziwa letu hayana chumvi ya bahari, jasho ndo baya zaidi, kwa hiyo ukitoka juani ifute.

Na kioo! Kioo cha safaya kiko 9 kwa Mohs, vumbi haliwezi kukikwaruza, lakini wengine wanakipaka tabaka la kuua mng'ao, mara nyingi lina magnesiamu floraidi, unene wake ni sehemu ya kumi tu ya maikroni. Likiwa upande wa nje, ukilifuta na shati lenye vumbi linachorwa michirizi na unaapa kioo ni feki, kumbe kioo kizima. Ukinunua, uliza tabaka liko ndani au nje.

Dawa ipo ila siyo zote wanaitumia. Sinn, watengeneza saa wa Ujerumani, wanakikomaza kwanza chuma chenyewe usoni ndo wanaweka weusi juu, hapo ganda linapata mgongo. Wengine wanaachana na koti wanatumia seramiki ambayo rangi imeingia mpaka ndani, haibanduki, ila ikidondokea vibaya kwenye sakafu inaweza kupasuka.

Yule kaka aliuliza kama mzee anaweza kupaziba pale na rangi kidogo. Haiwezekani, koti halitiwi kiraka, inabidi saa ifunguliwe yote, koti la zamani litolewe, kesi irudi kwenye chumba cha mvuke. Mzee akakataa kupaka chochote. Akaisafisha, akabadilisha mpira wa kuzuia maji, akamrudishia. Kaka akaivaa, akatoa simu palepale akampigia dada yake.