Gari la Dizeli Likikosa Nguvu, Uchunguzi Uanzie Kwenye Tanki

Hivi karibuni lililetwa kwenye karakana yetu ya mafunzo hapa Mwanza gari aina ya Land Cruiser lenye injini ya 1HZ, linalofanya kazi katika barabara za vumbi za vijiji vya Sengerema. Kila asubuhi liliwaka kwa shida, na likipanda mlima lilikosa nguvu hadi kuzimika. Mwenye gari alikuwa amekwisha kulipia matengenezo ya pampu na noseli (vifaa vinavyopulizia dizeli ndani ya injini) katika gereji mbili, lakini tatizo lilibaki palepale. Hitilafu tuliyoikuta ilikuwa oringi, yaani pete ya mpira ya kuziba maungio, iliyokauka kwenye pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Naandika haya kwa sababu naona kosa hilohilo likirudiwa, na fedha inayopotea ni ya watu wanaotegemea gari kupata riziki.

Katika injini ya aina hiyo, pampu ya kusukuma dizeli kwenye noseli ndiyo pia inayoivuta kutoka tankini. Bomba lote lililo kati yake na tanki linafanya kazi kwa kufyonza, kwa hiyo penye ufa hewa huingia ndani badala ya dizeli kuvuja nje, na fundi anayetafuta alama za unyevu chini ya gari anaweza asione chochote. Gari likilala, dizeli hurudi tankini taratibu, na asubuhi stata huzunguka muda mrefu kabla ya injini kushika. Plagi za joto, zinazopasha injini moto wakati wa kuwasha, zikifa nazo husababisha uwakaji mgumu wa asubuhi, lakini hizo haziwezi kulizima gari mlimani likiwa limeshapata moto.

Njia ya kuthibitisha ni nyepesi. Fundi huunga kipande cha mpira unaopitisha mwanga karibu na mahali dizeli inapoingilia pampu, kisha huwasha injini na kutazama. Siku ile viputo vilipita mfululizo, vidogo kama vya soda iliyofunguliwa sasa hivi. Baada ya hapo tuliweka dumu la dizeli safi juu kuliko pampu, mbali na bomba la moshi, tukailisha pampu kutoka humo na kurudisha humo dizeli inayobaki. Injini ikitulia kwa jaribio hilo, hitilafu iko nyuma, yaani kwenye tanki, mabomba au filta, na hakuna sababu ya kuigusa pampu. Isipotulia, hapo ndipo pampu na noseli zinapostahili kupelekwa kupimwa.

Tundu la kupumulia la tanki nalo huzibwa na tope. Gari linapokosa nguvu, fungua mfuniko wa tanki. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na nguvu ikarudi, chanzo umekipata.

Kwa wakazi wa mwambao wa ziwa, maji yanahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa tanki linalolala nusu hukusanya unyevu wa hewa kwenye kuta zake, na dizeli ya madumu haijulikani imehifadhiwa vipi. Fungulia kidogo dizeli ya chini ya filta kwenye chupa ya kioo na uiache itulie. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo yatakaa chini na mstari wa kuyatenga utaonekana wazi. Yakiachwa, huleta kutu ndani ya pampu, ambayo hulainishwa na dizeli yenyewe. Kwa sababu hiyohiyo, dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huikwangua pampu mapema.

Magari mapya yenye reli ya pamoja ya dizeli, yaani bomba moja la shinikizo kubwa linalolisha noseli zote, yanahitaji kompyuta ya kusoma shinikizo, ambalo linaweza kuzidi baa 1,600 (baa ni kipimo cha shinikizo). Dizeli inayorudi kutoka kila noseli hupimwa kwenye chupa zinazofanana. Noseli inayorudisha nyingi mno kuliko wenzake imechakaa. Ile desturi ya kulegeza nati za mabomba injini ikiwa inaunguruma, iliyozoeleka kwenye injini za zamani, isifanyike kabisa hapa. Dizeli ya shinikizo hilo hupenya ngozi, na jeraha lake linaweza kuonekana kama tobo la sindano tu wakati ndani nyama inaharibika. Aliyepigwa apelekwe hospitali papo hapo, hata kama hasikii maumivu, na daktari aelezwe kwamba ni dizeli ya shinikizo iliyoingia mwilini.