Godoro gumu si dawa ya kila mgongo

Dhana: Ukiumwa mgongo, lalia godoro gumu.

Ushauri huu umerithishwa vizazi kwa vizazi, na madaktari nao waliutoa kwa miaka mingi. Mwaka 2003 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Hispania kwa watu wazima 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Karibu nusu walilalia magodoro magumu, waliobaki ya ugumu wa wastani, na hakuna aliyeambiwa kapewa lipi. Baada ya siku 90, waliopata nafuu zaidi ni wale wa ugumu wa wastani.

Haishangazi. Uti wa mgongo haukunyooka kama rula. Ukilala chali juu ya godoro gumu mno, mabega na makalio ndiyo yanayobeba mwili, huku kiuno kikining'inia bila kitu cha kukishika. Likiwa laini mno, makalio yanazama na mgongo unapinda. Pitisha kiganja chini ya kiuno ukiwa umelala: kikipita kwa urahisi na nafasi ikabaki, godoro ni gumu kwako, kikikwama kabisa, umezama.

Anayestahili ugumu bila mjadala ni mtoto mchanga. Yeye alale mahali pagumu na bapa, asije akazama akakosa hewa.

Dhana: Lililomfaa mwenzangu litanifaa na mimi.

Mtu wa kilo 50 na mtu wa kilo 100 wakilalia godoro moja, mmoja atalalamika ni gumu, mwingine atasema linabonyea. Wote wawili wanasema kweli.

Halafu kuna mlalo. Anayelala ubavu anahitaji bega na nyonga viingie kidogo kwenye godoro; visipoingia, ataamka mkono umekufa ganzi. Kwa hiyo godoro lake liwe laini kidogo, na mto wake uwe mnene kiasi cha kujaza nafasi kati ya bega na shingo. Anayelala kifudifudi ni kinyume: godoro lake liwe gumu kidogo ili tumbo lisizame, na mto uwe mwembamba au asiweke kabisa. (Mlalo huu unaikunja shingo usiku kucha, ukiweza kuuacha, uache.) Kila mtu hujigeuza usingizini, lakini chagua kwa mlalo unaokaa nao muda mrefu zaidi.

Dhana: Godoro la haidensiti ni godoro gumu.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa. Densiti ni uzito wa sponji katika mita moja ya ujazo, na inakuambia zaidi sponji itadumu kiasi gani kabla ya kuingia shimo. Ugumu ni nguvu inayohitajika kuibonyeza. Sponji inaweza kuwa nzito na bado ikawa laini. Ile inayofuata umbo la mwili kwa joto lake iko hivyo. Nayo sponji nyepesi inaweza kuwa ngumu siku ya kwanza, kisha ikabonyea palepale unapolala. Muulize muuzaji ni kilo ngapi kwa mita ya ujazo, kisha ugumu ujaribu mwenyewe.

Dhana: Likiandikwa "othopediki" (yaani la tiba ya mifupa), limethibitishwa na wataalamu.

Hakuna kipimo kimoja kinachotambulika kila mahali kwa neno hilo. Mtengenezaji yeyote anaweza kulibandika.

Dhana: Kulibonyeza kwa mkono dukani kunatosha.

Mkono hauna bega wala nyonga. Vua viatu, lala kwa mlalo wako wa kila siku, tulia dakika 10 hadi 15. Mnaolala wawili, jaribuni wawili.

Dhana: Godoro likibonyea, limekwisha.

Huenda, hasa likiwa la miaka mingi. Lakini kabla ya kutoa pesa, litandike sakafuni usiku mbili tatu. Ukiona limenyooka na mgongo umetulia, kagua chaga za kitanda: huenda zimeachana mno, au moja imevunjika katikati.