Kuota nchi za mbali: yanayosemwa vijiweni na yalivyo hasa

Alinacha hakukosea kuota. Alikosea kurusha teke huku tenga la vyombo likiwa miguuni. Arusha na Moshi zina akina Alinacha wengi: ndege ya jioni inashuka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mtu yuko kibarazani na kikombe chake cha chai, na tayari roho yake imefika Istanbul. Hapo hakuna ubaya. Vyombo huvunjwa na mambo madogo ambayo kila mtu kijiweni anayasema kwa uhakika, na si kweli.

"Kuota safari ni kupoteza muda."

Mwaka 2010 mtafiti Jeroen Nawijn na wenzake walichapisha utafiti wa watu 1,530 nchini Uholanzi. Waliokuwa wakisubiri likizo ya safari walikuwa na furaha zaidi ya wasio na safari, kabla hata hawajaondoka. Waliporudi, tofauti ilikuwa imekwisha, isipokuwa kwa wale waliopumzika kwelikweli. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya utamu huliwa kabla ya kupanda ndege. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen naye ameonyesha upande wa pili: anayewazia utamu peke yake hulegea, kana kwamba ameshafika. Mbinu yake ni kuwazia utamu, kisha papo hapo kuwazia kizuizi. Basi tuvitaje vizuizi.

"Ukiwa na hela, pasipoti ni jambo la siku mbili."

Hela si tatizo kubwa: pasipoti ya kawaida ni Sh 150,000 na hudumu miaka 10. Kinachokwamisha ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Yusufu, kitambulisho cha NIDA kinasema Joseph, cheti cha kidato cha nne kinasema Josephat. Mtaani ni mtu mmoja, kwenye mfumo ni watatu. Fuata mpangilio huu: kwanza cheti cha kuzaliwa cha RITA, pili NIDA (ile namba ya tarakimu 20), mwisho fomu ya Uhamiaji inayojazwa mtandaoni kisha kupelekwa ofisini pamoja na viambatisho. Ukianzia mwisho utarudishwa mwanzo. Tofauti ya herufi huweza kuelezwa kwa kiapo. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Na tiketi nayo iandikwe jina kama lilivyo kwenye pasipoti, si lile unaloitwa nyumbani.

Kosa jingine ni kuamini tarehe ya mwisho iliyoandikwa ndani. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 unapoingia. Pasipoti inayoisha Aprili 2027 haikufikishi Malaysia Desemba 2026. Utazuiwa kaunta ya KIA, na shirika la ndege halina kosa. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, zinahesabu tofauti: miezi 3 baada ya siku ya kutoka, kurasa mbili tupu, na pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita.

"Namanga unavuka kwa kitambulisho tu."

Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanatembeleana kwa vitambulisho vya taifa. Mtanzania hayumo katika mpango huo. Iwe mpaka wa Namanga au wa Holili kuingia Kenya, beba pasipoti, au hati ya dharura ya kusafiria kutoka Uhamiaji.

"Mtanzania hana pa kwenda bila viza."

Hii ndiyo inayoua ndoto nyingi, na haina msingi. Tuache majirani: Afrika Kusini unakaa hadi siku 90 bila viza, Singapore na Malaysia siku 30, Hong Kong siku 90. Maldives humpa kila msafiri kibali cha siku 30 anapofika, bure. Anayeota maghorofa na treni za chini ya ardhi kwa nini ajitese na ubalozi wakati Singapore ipo?

Bila viza haina maana ya bila maswali. Utaulizwa tiketi ya kurudi, mahali pa kulala na pesa ya kujikimu. Singapore na Malaysia zinataka pia ujaze kadi ya kuwasili mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iulizie mapema: huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Na wale wanaorudia chanjo kila miaka 10 wanajisumbua. Tangu 11 Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha.

"Kopa milioni kumi, weka benki, chapa taarifa ya akaunti, rudisha."

Ushauri huu unazunguka sana na umewanyima watu wengi viza. Ofisa wa viza haangalii salio la leo. Anapitia miezi mitatu hadi sita: mshahara unaingia lini, duka linaingiza kiasi gani, kodi ya nyumba inatoka vipi. Akaunti iliyokuwa na laki mbili kisha ikapokea milioni kumi wiki moja kabla ya maombi inajieleza yenyewe. Milioni tatu zilizokua polepole zina nguvu zaidi. Kama kweli kuna fedha ya ghafla, labda umeuza kiwanja, ambatisha mkataba wa mauziano.

Kwa Schengen, ada ya mtu mzima ni euro 90 na hairudishwi ukinyimwa. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Maombi hayapokelewi mapema zaidi ya miezi 6 wala chini ya siku 15 kabla ya safari. Ukipanga nchi kadhaa, omba kwa ile utakayolala siku nyingi zaidi. Uingereza na Ireland hazimo.

"Napita uwanjani tu, viza ya nini?"

Inategemea uwanja. Marekani inataka viza hata kwa anayebadilisha ndege. Tiketi mbili zilizonunuliwa kando ni mtego mwingine: mara nyingi itabidi uingie nchini, uchukue begi na kulikabidhi upya, na kuingia nchini ni viza.

"Lazima uanzie Dar."

Kwa ndege, hapana. KIA kuna safari za moja kwa moja hadi Addis Ababa, Doha, Istanbul na Amsterdam. Kwa alama za vidole za viza, mara nyingi ndiyo. Kutoka Arusha ni zaidi ya kilomita 600, kwa hiyo weka nauli hiyo kwenye bajeti.

"Saa ni saa."

Tiketi ikiandika 00:30 tarehe 12, huo ni usiku wa kuamkia tarehe 12. Unatakiwa uwe KIA saa tatu na nusu usiku wa tarehe 11. Wapo wanaofika jioni ya tarehe 12 wakiwa wamevaa suti, ndege imeshaondoka usiku uliotangulia. Vilevile 07:00 ni saa moja asubuhi, si saa saba.

Jua nalo lina tabia zake. Moshi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. London katikati ya Desemba huzama kabla ya saa kumi jioni, na Juni baada ya saa tatu usiku. Ulaya si barafu tupu pia: tarehe 19 Julai 2022, Coningsby huko Uingereza ilifika nyuzi 40.3. Anayetaka barafu Julai ainue macho atazame Kibo.

"Chakula cha nyumbani hakikatazwi."

Umoja wa Ulaya unakataza msafiri kuingiza nyama na maziwa, kwa hiyo samli na nyama ya kukausha viache. Matunda mengi yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: nanasi, nazi, durian, tende na ndizi. Ndizi za Marangu zinapita. Parachichi la Tengeru linaishia kwenye pipa la forodha.